Gari Refu na Upepo wa Ubavuni

Mpenzi msikilizaji, wiki hii naomba tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu hapa Ukerewe tunalifahamu tukiwa ndani ya mtumbwi, lakini tunalisahau mara tu tunapopanda gari. Jambo lenyewe ni upepo. Mvuvi wa Nansio hatoki usiku bila kutazama mawingu. Dereva wa lori anatazama mafuta, anatazama matairi, anawasha injini na kuondoka. Upepo hauulizi habari zake.

Nimelikumbuka jambo hili kutokana na gari moja lililofika kwetu hivi karibuni. Nilikuwa narudi kutoka Bunda. Tulipofika Kisorya kungoja kivuko cha kwenda Rugezi, tulikuta gari la aina ambayo watoto wa pale walikuwa hawajaiona. Kwa nje ni kama Coaster iliyoinuliwa paa. Kwa ndani ni nyumba: kitanda, jiko la gesi, tangi la maji, meza na viti. Wenyewe ni mzee mmoja mstaafu wa Arusha na mkewe. Baada ya kulea watoto na wajukuu, waliamua kuiona nchi yao wakiwa na chumba chao mgongoni kama konokono.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Upepo wa ziwani ulikuwa umeanza kuchachamaa, na katikati ya mlango wa bahari ile yetu ndogo mawimbi yalikuwa yanatoa povu jeupe. Kivuko kilipotia nanga magari yakaanza kusogea. Yule mzee hakusogea. Alishuka, akatazama maji, akatazama moshi wa jiko la mama lishe ulivyolala chini, kisha akageuza gari lake, akaliegesha nyuma ya jengo, pua ikiwa imeelekea ziwani.

Vijana wakacheka. Mmoja akasema, "Mzee anaogopa maji!"

Nikamsogelea. "Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mbona huvuki? Hiki huenda kikawa cha mwisho kwa leo."

Akanijibu kwa utulivu, "Mwanangu, mimi nina kitanda humu ndani. Wewe huna. Kwa nini nishindane na upepo, nami nimekuja na nyumba yangu?"

Nilivuka. Nilifika salama, sitaki kusema uongo. Lakini njia nzima kutoka Rugezi hadi Nansio nilikuwa kimya, maana maneno yale yalinirudisha mwaka 2004.

Mwaka ule nilikuwa kijana, nimemaliza stashahada ya uandishi wa habari, najiona nina haraka kuliko dunia. Nilipata lifti Mwanza katika lori la mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anapeleka magodoro na mabeseni ya plastiki Nansio. Mzigo ule ulipita bodi kwa zaidi ya kimo cha mtu, ukafungwa turubai na kamba. Juu kabisa alikaa utingo, kijana wa rika langu. Mimi nilikaa mbele na dereva.

Tulipopita Kibara, jua lilikuwa limeshaanza kushuka. Nilikuwa na miadi Nansio asubuhi. Nikamwambia dereva, "Kaka, ongeza mwendo, pantoni haitatusubiri." Naye akaongeza. Barabara wakati ule ilikuwa ya changarawe. Tulipotoka penye miti na kuingia uwanda ulio wazi, upepo wa ziwani ukatupiga ubavu wa kushoto. Lori likasogea kulia. Dereva akashtuka, akavuta usukani kushoto kwa nguvu. Lori likalala ubavu wa kulia, taratibu, kama ng'ombe anayepiga magoti.

Dereva na mimi tulitoka na michubuko. Utingo alirushwa, akavunjika paja. Aliishi, tunamshukuru Mungu, lakini mguu ule ulipona ukiwa mfupi, na kazi ya utingo ikaishia hapo. Lawama nyingi aliangushiwa dereva. Ukweli ni kwamba sauti iliyosema "ongeza mwendo" ilikuwa yangu. Ndiyo sababu leo nataka tulielewe jambo hili vizuri.

Msikilizaji, tuanze na upepo wenyewe. Mchana jua linapopiga, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa ya juu ya nchi kavu hupanda, na hewa ya ziwani huja kuchukua nafasi yake. Huo ndio upepo wa alasiri tunaoujua sote. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa upesi, upepo hutoka bara kwenda ziwani. Ndiyo maana dhoruba nyingi za Ziwa Victoria hutokea usiku na alfajiri, pepo za kutoka pande zote zinapokutana katikati ya maji. Juu ya hayo, katika miezi ya kiangazi, hasa Juni hadi Agosti, kuna upepo wa kusi utokao kusini mashariki. Na wakati wa mvua kuna adui mwingine: wingu jeusi la ngurumo linapokaribia, hewa baridi huporomoka kutoka juu na kusambaa ardhini ikitimua vumbi, dakika chache kabla ya tone la kwanza. Upepo huo hauna hodi.

Sasa tutazame ramani. Ukitoka Mwanza kwenda Magu, Lamadi hadi Bunda, Ghuba ya Speke iko kushoto kwako. Ukikata Bunda kwenda Kibara na Kisorya, ghuba ile ile bado iko kushoto kwako. Kwa hiyo safari nzima ya kuja Ukerewe, upepo wa alasiri kutoka ziwani hukupiga ubavu wa kushoto. Sisi huendesha upande wa kushoto wa barabara. Ukisukumwa kutoka kushoto, unakwenda wapi? Unakwenda kulia, kwenye njia ya anayekuja mbele yako. Wakati wa kurudi mambo ni kinyume: unasukumwa kushoto, kwenye ukingo wa barabara na mtaro. Dereva anayejua hilo anajua pia upande upi aache nafasi.

Je, nguvu ya upepo ni kiasi gani? Hapa kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Upepo ukiongezeka mwendo mara mbili, nguvu yake haiongezeki mara mbili. Inaongezeka mara nne. Ukiongezeka mara tatu, nguvu inaongezeka mara tisa. Chukua gari kama lile la mzee wetu, lenye ubavu wa urefu wa mita saba na nusu na kimo cha karibu mita mbili na sentimita 70. Huo ni ukuta wa mita za mraba 20. Upepo wa kilomita 40 kwa saa ukilipiga kwa ubavu, kwa makadirio ni kama umeliegemezea uzito wa kilo 130, yaani watu wawili wanasukuma. Upepo ukifika kilomita 80 kwa saa, uzito huo unakuwa zaidi ya kilo 500. Hao si watu wawili tena, ni watu wanane wamelitia bega kwa pamoja, bila kukuambia watakapoanza wala watakapoacha.

Gari dogo halipati taabu hiyo kwa sababu ni fupi, na upepo mwingi hupita juu yake. Gari refu lina mambo mawili dhidi yake: ubavu mpana, na uzito ulio juu. Ndoo ya maji ukiiweka chini haianguki upesi. Ukiiweka juu ya kigoda, mtoto akipita tu imemwagika. Kadiri uzito unavyokaa juu, ndivyo msukumo mdogo unavyotosha kupindua.

Na hapa kuna kosa la mawazo. Watu wengi hudhani lori lililo hatarini ni lile lenye mzigo mzito. Kwa upepo, mara nyingi ni kinyume. Lori la saruji lina uzito unaolishikilia chini. Lori la magodoro, la mabeseni, la masanduku matupu ya soda au la magunia ya dagaa wakavu lililopandishwa kama mnara, lina ukuta mkubwa na uzito mdogo. Hilo ndilo tanga. Na lori tupu lenye turubai lililofungwa juu ya vyuma vyake nalo ni tanga vile vile.

Sasa, kwa nini lori letu lilianguka? Upepo peke yake haukuliangusha, ulilisogeza tu. Lilianguka kwa sababu ya kuvutwa usukani. Gari likikatwa ghafla kwenda kushoto, mwili wake hulalia kulia, kama abiria waliosimama ndani ya daladala wanavyolaliana kwenye kona. Upepo nao ulikuwa unatoka kushoto ukisukuma kulia. Nguvu mbili zikaungana upande mmoja, na changarawe chini ikateleza. Lau dereva angekuwa kwenye mwendo mdogo, akarekebisha usukani kidogo kidogo, huenda tungefika.

Kutokana na hayo, msikilizaji, tupate mafunzo ya kushika.

Kwanza ni kabla ya safari. Sikiliza taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wanapotangaza upepo mkali unaozidi kilomita 40 kwa saa, si tangazo la wavuvi peke yao. Vitu vizito vipange chini, karibu na sakafu na katikati ya magurudumu. Juu ya keria usiweke kitu kama hakuna ulazima, na kilichopo kifungwe kisipepee. Turubai likilegea hubeba upepo kama mfuko, hivyo lifungwe likaze, na kama lori ni tupu livuliwe kabisa. Matairi yajazwe upepo kama mtengenezaji alivyoagiza, maana tairi laini huliyumbisha gari refu. Kwa wenye magari ya nyumba, tangi la maji lililo chini ya sakafu ni heri lijae au liwe tupu kuliko kuwa nusu, kwa sababu maji ya nusu tangi huenda huku na huku na kuliongezea gari mayumbo. Madirisha ya paa yafungwe, turubai la kivuli likunjwe na kufungwa, mtungi wa gesi ufungwe koki.

Pili ni barabarani. Dawa ya kwanza ni kupunguza mwendo. Kwa kilomita 100 kwa saa, gari linakula mita 28 kila sekunde, kwa kilomita 50 linakula mita 14. Upepo ukikusukuma kwa sekunde moja kabla hujajua kilichotokea, tofauti hiyo ndiyo nafasi yako ya kujirekebisha. Sheria yetu inayataka mabasi na magari makubwa yasizidi kilomita 80 kwa saa, na 50 penye makazi. Huo ni mwendo wa siku njema. Siku ya upepo mkali, 80 ni mwendo mwingi mno kwa gari refu. Shika usukani kwa mikono miwili. Usipigane nao: rekebisha kidogo, kwa utaratibu, na tegemea kwamba upepo utaacha ghafla kama ulivyoanza.

Tatu, jua mahali pa hatari. Upepo unaokuwepo muda wote si mbaya sana, maana mkono unauzoea. Mbaya ni ule unaokatika na kurudi. Unapotoka nyuma ya mawe makubwa, nyuma ya msitu, nyuma ya majengo ya mji, au unapoingia darajani, hapo ndipo unapigwa. Daraja la Mto Simiyu ni mahali pa namna hiyo. Na sasa tuna Daraja la John Pombe Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lililofunguliwa mwezi Juni 2025, lenye urefu wa kilomita tatu juu ya Ghuba ya Mwanza. Ni fahari yetu sote, tumepumzika foleni za pantoni. Lakini kilomita tatu juu ya maji hazina mti wala nyumba ya kukukinga. Wenye magari marefu wapunguze mwendo kabla ya kuingia, wasingoje kufika katikati.

Nne ni kupishana. Tuseme unarudi Mwanza, upepo unatoka kulia kwako, nawe umeuegemezea usukani kidogo kulia ili gari liende sawa. Mara basi linakuja mbele. Linapokuwa ubavuni mwako linauziba upepo, na wewe bado umeuvuta usukani kulia. Gari lako litachupa kuelekea basi hilo. Likishapita, upepo unarudi na kukutupa kushoto. Mambo haya mawili hutokea katika muda wa kupepesa macho. Kwa hiyo ukiliona gari kubwa linakuja, sogea kushoto mapema, punguza mwendo, legeza mkono kidogo. Na usijaribu kulipita gari refu jingine penye upepo wa ubavuni.

Wenzetu wa nchi nyingine walijifunza kwa gharama. Januari 25, 1990, tufani ilipiga Uingereza ikaua watu zaidi ya 40, na malori mengi marefu yalipinduliwa barabarani. Kule, upepo ukizidi kwenye madaraja makubwa kama lile la Mto Severn, magari marefu huzuiwa kwanza wakati magari madogo yanaendelea. Si kwa sababu wenye malori wanachukiwa. Ni kwa sababu hesabu ya ukuta na uzito haibembelezwi.

Tano ni kivukoni, na hapa sisi watu wa Ukerewe hatuhitaji kufundishwa na mtu wa mbali. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, Ukara, kikiwa kimezidisha abiria na mizigo. Tuliwazika zaidi ya watu 220. Miaka 22 kabla yake, Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama karibu kufika Mwanza na kuchukua mamia ya roho. Sisemi kwamba ajali hizo ni za upepo. Nasema kwamba kanuni ni ile ile ya ndoo na kigoda: uzito ukizidi, ukikaa juu au ukihamia upande mmoja, chombo hakisamehe. Gari refu juu ya kivuko ni mnara juu ya maji. Kwa hiyo abiria washuke kabla gari halijapanda. Dereva azime injini, avute breki ya mkono, aweke gia, na utingo aweke vigingi kwenye magurudumu. Madirisha yawe wazi na milango isifungwe kwa ufunguo. Nahodha akisema leo hatuvuki, asisukumwe. Na msimamizi akisema gari hili lisipande, mwenye gari asitafute mkubwa wa kumpigia simu.

Sita na mwisho ni kuegesha. Ukishaamua kusimama, elekeza pua ya gari upepo unakotoka, kwa sababu pua ni nyembamba kuliko ubavu. Tafuta jengo imara, usijifiche chini ya mti mkavu wala bango la matangazo. Unapofungua mlango, ushike kwa mikono miwili, maana upepo umewahi kung'oa milango na vidole vya watu.

Kuna watakaoniambia, "Wewe unasema kwa sababu hulipii mzigo. Dagaa wakinyeshewa nani atanilipa? Tajiri anataka gari lifike leo." Nawaelewa. Dereva mwajiriwa akilala Kisorya anaulizwa na tajiri wake kwa nini amelala, lakini akifika kwa bahati hakuna anayemuuliza alifikaje. Ndiyo maana maneno yangu ya leo hayawahusu madereva tu. Wanaotakiwa kusikia zaidi ni matajiri wenye magari, na sisi abiria tunaokaa mbele tukitazama saa. Dereva akisema upepo umezidi, tusimwite mwoga. Na hakuna mzigo wowote duniani unaostahili kuwekewa kijana juu yake kama jiwe la kuzuia turubai.

Yule mzee wa Arusha alivuka kesho yake asubuhi, ziwa likiwa limetulia. Nilimkuta stendi ya Nansio yeye na mkewe wakinunua machungwa yetu. Aliyekuwa anawauzia ni yule utingo wa mwaka 2004, ambaye sasa ana meza yake pale na watoto wanne. Nikawasalimu, nikawaeleza wageni kwamba mimi na muuzaji huyu tuliwahi kupinduka pamoja. Mzee akamtazama mguu, akanyamaza. Mama ndiye aliyeuliza, "Mwanangu, mlikuwa mnawahi nini?"

Muuzaji akacheka kidogo, akaniangalia. "Muulize mwandishi, mama. Yeye ndiye aliyekuwa na haraka."

Nilimjibu yule mama kweli yote. Ile miadi yangu ya asubuhi niliyokuwa naiwahi ilikuja kufanyika wiki mbili baadaye, wala hakuna kilichoharibika.

Mpenzi msikilizaji, kawia ufike. Hadi wiki ijayo, nawatakia safari njema, nchi kavu na majini.